NURU TUSIYOIONA NA AMANA YA UJUMBE
Somo la leza na mawasiliano kwa wanafunzi wetu wa Mishamo



  

Mwaka huu mwanafunzi mmoja alituuliza darasani: "Ustadh, mimi nasoma Qur'an, fiq'hi na sira. Shuleni nimefika mahali pa kuchagua masomo, nami nataka kuiacha Fizikia. Itanisaidia nini huku Mishamo?" Swali hilo hatukulijibu siku ile, kwa kuwa tuliona linahitaji zaidi ya maneno mawili. Tena tunajua kuwa si yeye peke yake mwenye swali hilo. Kila mwaka wapo wanaofunga daftari la Fizikia kwa kudhani kuwa elimu hiyo ni ya watu wa mbali, au kwamba inamtoa mtu katika dini. Somo hili ndilo jibu letu. Tumechagua mada moja tu, nayo ni namna nuru inavyobeba ujumbe.

1. NURU TUNAYOIONA NA NURU TUSIYOIONA

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Ukisimama usiku karibu na tanuri la matofali ambalo moto wake umeshafunikwa, uso wako unahisi joto hata kama huoni mwali wowote. Kitu gani kimetoka kwenye tanuri kikakufikia usoni? Upepo haukuvuma, wala hukuligusa tofali. Kilichokufikia ni nuru, ila ni nuru ambayo jicho la mwanadamu halikuumbwa kuiona. Wanasayansi huiita infraredi, maana yake nuru iliyo chini ya nyekundu.

Aliyeigundua ni mtaalamu wa nyota aliyeishi Uingereza, William Herschel, mwaka 1800. Aliipitisha nuru ya jua katika kipande cha kioo cha pembetatu ikagawanyika rangi kama upinde wa mvua, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka kipimajoto pembeni kidogo, nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu, joto lilionekana kuwa kubwa zaidi. Akajua kuwa jua linatuletea zaidi ya tunachokiona.

Nanyi mnaweza kujaribu. Chukua rimoti ya televisheni kwa jirani aliye nayo, uielekeze kwenye kamera ya simu, kisha ubonyeze kitufe. Kwa jicho huoni kitu, lakini kwenye kioo cha simu utaona kijitaa kinamemeta mbele ya rimoti. Kamera ya nyuma isipoonyesha, jaribu ya mbele, maana baadhi ya kamera huwekewa kichujio. Kumemeta huko ndiko kunakoiambia televisheni iongeze sauti au ibadili stesheni. Kwa hiyo mmekuwa mkitumia nuru isiyoonekana kupeleka ujumbe bila kujua.

Suratul Haaqqah inatukumbusha kuwa yapo tunayoyaona na yapo tusiyoyaona. Hapa tunatoa tahadhari. Hatusemi kwamba aya hizo zinazungumzia infraredi. Si adabu kuipachika Qur'an maana isiyo yake kwa sababu tu tumesoma jambo jipya kitabuni. Tunalosema ni kwamba Muislamu hapaswi kukataa kitu kwa hoja kuwa jicho lake halikukiona.

2. MWALIMU WETU WA NURU: IBN AL-HAYTHAM

Baadhi yenu mnadhani elimu ya nuru ilianzia Ulaya. Sivyo. Al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, kiasi cha mwaka 965, akafanya kazi Cairo na kufariki huko karibu mwaka 1040. Aliandika Kitab al-Manazir, kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona. Kabla yake wengi waliamini kuwa jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Yeye alionyesha kwa hoja na majaribio kuwa nuru hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa mamia ya miaka.

Jaribio lake moja linahusika sana na somo letu. Aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu la chumba chenye giza. Ndani, ukutani, akaona madoa ya nuru, kila taa na doa lake. Akaiziba taa moja, na doa lake tu likatoweka. Mengine yakabaki vile vile. Akahitimisha kuwa nuru za taa zote zilipita katika tundu moja wala hazikuchanganyika. Likumbukeni tundu hilo, tutalirudia.

Na tazameni njia aliyoitumia. Hakutosheka na kusema "wakubwa wamesema hivi". Alijaribu, akabadilisha kitu kimoja, akatazama matokeo. Mwanafunzi wa hadithi naye hatosheki na kusikia. Huuliza nani amepokea kutoka kwa nani. Ni tabia moja ya kuhakikisha.

3. LEZA NI NINI?

Taa ya kawaida hutoa nuru kama watu wanaotoka sokoni jioni. Huyu anaelekea huku, yule kule, mmoja anakimbia, mwingine anatembea. Leza hutoa nuru iliyo kama safu ya swala ya jamaa. Wote wameelekea upande mmoja, wanainuka na kurukuu kwa pamoja. Nuru ya leza ina rangi moja, mwelekeo mmoja na mpigo mmoja. Ndiyo maana husafiri mbali bila kutawanyika sana.

Inapatikanaje? Mwaka 1917 Albert Einstein alieleza kuwa chembe ndogo ya maada, yaani atomu, ikishapewa nguvu ya ziada, na nuru ya aina inayofaa ikipita karibu yake, huitoa nguvu ile kwa njia ya nuru inayofanana kabisa na ile iliyopita. Nuru moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Weka vioo viwili, nuru iende na kurudi kati yao, nayo itazidi kuongezeka. Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman wa Marekani aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia jiwe la rubi.

Mwaka huo huo ilikuja leza nyingine iliyo muhimu zaidi kwetu leo. Ali Javan, aliyezaliwa Tehran, Iran, mwaka 1926, alikwenda Marekani kusoma na baadaye akawa mtafiti katika maabara za Bell. Yeye na wenzake walitengeneza leza ya gesi za heli na neoni. Iliwaka tarehe 12 Desemba 1960, na nuru yake ilikuwa infraredi, haionekani. Kesho yake watafiti hao waliitumia nuru hiyo kupitisha mazungumzo ya simu. Javan alipiga simu maabara, na sauti iliyomjibu ilikuwa imesafirishwa na mwali wa leza. Leza ile ilikuwa na umri wa siku moja tu, na tayari ilikuwa imepewa ujumbe iupeleke.

4. UJUMBE UNAPANDAJE JUU YA NURU?

Fikra ya kuongea kwa nuru ni ya zamani kuliko leza. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell alikielekeza kioo chembamba kwenye jua. Alipozungumza, kioo kilitetemeka kwa sauti yake, na nuru iliyorudishwa nacho ikatetemeka vivyo hivyo. Umbali wa mita zipatazo 200 kifaa kingine kiliigeuza nuru ile kuwa sauti tena. Lakini wingu likipita, mazungumzo hukatika. Ndiyo sababu chombo chake hakikuenea.

Siku hizi ujumbe hugeuzwa kwanza kuwa alama mbili, 1 na 0. Nuru ikiwaka ni 1, ikizimika ni 0. Katika mpango unaotumiwa na kompyuta, herufi M, ya kwanza katika jina la Mishamo, huandikwa 1001101. Mifumo ya leo hupeleka alama hizo kwa mabilioni katika sekunde moja.

Je, alama moja ikiharibika njiani, mpokeaji atajuaje? Njia rahisi ni hii. Hesabu alama za 1 katika herufi M: zipo nne, idadi shufwa. Tunaongeza alama moja ya ulinzi mwishoni ili jumla ya 1 iwe shufwa siku zote. Hapa tayari ni shufwa, kwa hiyo tunaongeza 0 na kutuma 10011010. Mpokeaji akihesabu akapata witiri, anajua kuwa kuna kosa, hivyo anaomba atumiwe tena. Zikiharibika alama mbili kwa pamoja njia hii haigundui, na ndiyo maana wahandisi hutumia hesabu nzito zaidi zinazogundua na kusahihisha makosa mengi.

Wenye kusoma mustalahul hadith mtalielewa jambo hili haraka. Wanazuoni wetu walilinganisha riwaya moja na nyingine ili wagundue neno lililozidi au lililopungua. Ujumbe ni amana. Anayeupokea ana wajibu wa kuupima, na anayeupitisha hana ruhusa ya kuubadilisha.

5. UZI WA KIOO CHINI YA BAHARI

Tatizo la wingu la Bell lilihitaji njia iliyofunikwa. Njia hiyo ni uzi wa kioo, mwembamba karibu kama unywele, unaoitwa faiba. Nuru ikiingia upande mmoja hugonga kingo za ndani na kurudishwa ndani, hata uzi ukipinda. Lakini katika miaka ya 1960 kioo kiliimeza nuru baada ya mita chache. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya utafiti Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, walionyesha kuwa kosa kubwa lilikuwa la uchafu uliochanganyika na kioo. Kioo kikisafishwa vya kutosha, nuru itafika mbali. Wengi walitilia shaka, lakini baada ya miaka michache kioo hicho kilipatikana. Mwaka 2009 Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Mwaka huo huo wa 2009, mwezi Julai, mkongo wa SEACOM ulianza kazi na kuifikisha faiba ya baharini katika pwani yetu, Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya vituo. Mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Kutoka pwani, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambazwa mikoani.

Ndani ya uzi huo nuru inayotumika ni infraredi, ya mikromita 1.55 hivi, kwa sababu hapo ndipo kioo huimeza nuru kidogo zaidi. Husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Baada ya kila makumi ya kilomita baharini huwekwa kikuza nuru, kinachoitia nguvu bila kuufungua ujumbe. Na rangi nyingi za infraredi, kila moja na ujumbe wake, hupita katika uzi mmoja wala hazichanganyiki. Mnalikumbuka tundu la Ibn al-Haytham? Alichokiona ukutani kwa taa zake, leo kinafanya kazi chini ya Bahari ya Hindi.

Lakini uzi hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika yote miwili baharini upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania na nchi jirani ikadorora vibaya. Waliokuwa wakituma fedha, wakisoma au wakitafuta habari za ndugu zao wote waliguswa, ingawa wengi hawakujua kuwa sababu ni uzi wa kioo ulio mbali nao.

6. MWALI JUU YA MTO KONGO

Kuna mahali ambapo kuulaza uzi ni kazi ngumu. Brazzaville na Kinshasa ni miji mikuu miwili inayotazamana, kati yao umo Mto Kongo. Ukisimama upande mmoja unaiona ng'ambo. Hata hivyo, kwa faiba, ujumbe ulilazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400 ili kuuepuka mto, na intaneti ya Kinshasa ikawa ghali mara kadhaa kuliko ya jirani yake.

Mwaka 2021 wahandisi wa mradi wa Taara, uliokuwa chini ya kampuni ya Alphabet ya Marekani, pamoja na kampuni ya Liquid, walitangaza kuwa wameuvusha ujumbe juu ya mto kwa mwali wa infraredi unaopita hewani, bila uzi, umbali wa kilomita 4.8. Katika siku 20 mwali huo ulibeba karibu terabaiti 700 za taarifa, na kwa asilimia 99.9 ya muda njia ilikuwa wazi. Kabla ya hapo, mwaka 2020, kazi kama hiyo ilikuwa imeanza Kenya. Mwali wa namna hii unaweza kubeba hadi gigabiti 20 kwa sekunde, na kufika hadi kilomita 20 kama hakuna kizuizi kati ya vituo viwili.

Ugumu wake uko wapi? Kwanza, kulenga. Mwali ni mwembamba, na mnara hutikisika kwa upepo. Ni sawa na kulenga shabaha ya sentimita 5 kutoka kilomita 10 na kuishikilia mchana na usiku. Kwa hiyo ndani ya kifaa kuna vioo vinavyojirekebisha vyenyewe kila wakati. Pili, hewa yenyewe. Ukungu mzito humeza infraredi kuliko hata mvua. Vumbi na moshi navyo huipunguza. Joto la mchana huifanya hewa itetemeke, kama mnavyoona juu ya barabara wakati wa kiangazi, na mwali ukatetemeka nayo. Ndiyo maana Kinshasa na Brazzaville, ambako ukungu si mwingi sana, ni mahali pazuri pa njia hii, na miji yenye ukungu kila mara si mahali pake.

7. VYUO VIKUU NA MAWIMBI YA TERAHEZI

Sasa tufike kwenye utafiti unaoendelea. Mawimbi ya redio yanayobeba simu zetu hutetemeka kuanzia mara milioni mia kadhaa hadi mabilioni kwa sekunde. Infraredi ya faiba hutetemeka karibu mara trilioni 200 kwa sekunde. Katikati yapo mawimbi yanayotetemeka kuanzia mara bilioni 100 hadi trilioni 10. Haya ndiyo mawimbi ya terahezi. Wimbi likitetemeka zaidi, laweza kubebeshwa ujumbe mwingi zaidi. Kwa muda mrefu sehemu hii iliitwa pengo, kwa kuwa vyombo vya redio havikuweza kupanda hadi hapo, na leza za kawaida hazikuweza kushuka hadi hapo.

Mwaka 1994, katika maabara za Bell, Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao walitengeneza leza ya aina mpya. Ndani yake elektroni hushuka kama maji yanayoporomoka ngazi, na kila ngazi hutoa nuru. Ukubwa wa ngazi ukibadilishwa, rangi ya nuru hubadilika, hivyo mtafiti huchagua infraredi anayoitaka. Mwaka 2002 watafiti wa Italia na Uingereza walizishusha ngazi hizo mpaka leza ikatoa mawimbi ya terahezi, ingawa ilihitaji kupozwa kwa baridi kali mno.

Kisha mwaka 2019, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Capasso, Marco Piccardo na wenzao walionyesha jambo la ajabu. Leza yao ya infraredi ilitoa rangi nyingi kwa pamoja, zilizopangika kwa nafasi sawa kama meno ya kitana. Mmewahi kusikia mashine mbili za kusaga zinanguruma pamoja kwa mwendo unaokaribiana? Sikio husikia ngurumo ya tatu, inayopanda na kushuka polepole. Hiyo ni tofauti ya zile mbili. Vivyo hivyo tofauti kati ya rangi za leza ile iliwatikisa elektroni ndani yake kwa mwendo wa mawimbi ya redio. Watafiti wakachonga mwanya juu ya bamba la metali la leza ukawa antena, wakapandisha juu yake sauti iliyorekodiwa, na chombo cha pembeni kikaipokea. Leza ilikuwa imegeuka kituo cha redio. Lengo la kazi ya namna hii ni kuwa na kifaa kimoja kidogo kinachotoa na kupokea mawimbi, mpaka yale ya terahezi, kwa mawasiliano ya kasi kubwa.

Terahezi nazo zina adui wao, nao ni mvuke wa maji. Hewa yenye unyevu huyameza mawimbi hayo baada ya mwendo mfupi. Kwa hiyo wengi wanayafikiria kwa umbali mdogo, kama ndani ya jengo au kati ya mitambo iliyo karibu, wala si kuvuka bonde.

Barani kwetu pia kazi inafanyika. Katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, maabara ya Andrew Forbes imekuwa ikichunguza namna ya kuipa nuru ya leza maumbo mbalimbali, ili kila umbo libebe ujumbe wake.

8. YANATUHUSU NINI SISI WA MISHAMO?

Tunarudi kwa mwenzenu aliyeuliza. Jibu letu lina sehemu tatu.

(a) Waulizeni wazee. Waliokimbia Burundi mwaka 1972, na wakaja kuufungua msitu huu Mishamo ilipoanzishwa mwaka 1978, walijua maana ya kukosa habari. Habari za ndugu zilikuja kwa barua au kwa mdomo wa msafiri, na msafiri aliweza kuongeza neno. Mtu aliweza kulia msiba ambao haukutokea, au kumngoja aliyekwisha kufa. Aliyeonja hayo hawezi kusema kuwa elimu ya kufikisha ujumbe salama ni jambo la anasa. Suratul Hujurat inatuamrisha kuzihakikisha habari kabla ya kuzifuata. Mhandisi anayelinda alama moja ya ujumbe isiharibike njiani, akinuia kheri, anaitumikia amana hiyo hiyo. Nanyi mnaotumiana ujumbe wa simu bila kuuhakikisha, mnaiharibu, hata kama mtambo haukukosea.

(b) Elimu hii inahitaji watu wa mahali. Mhandisi aliye mbali anajua hesabu za leza, lakini hajui ni kilima gani hufunikwa na ukungu alfajiri wakati wa masika, wala ni mwezi gani moshi wa kuchoma mapori hutanda. Ninyi mnajua. Kwa hiyo tunawapa kazi ya mwaka mzima. Chagueni kilima au mti mkubwa ulio mbali. Kila siku baada ya swala ya Alfajiri kukipambazuka, baada ya Adhuhuri, na kabla ya Magharibi, andikeni katika daftari: kinaonekana vizuri, kinaonekana hafifu, au hakionekani. Andikeni na sababu: ukungu, mvua, vumbi au moshi. Wahandisi wenyewe hutumia kipimo cha kuonekana kwa mbali kukadiria kama mwali wa infraredi utapita. Baada ya mwaka mtakuwa na maarifa ya hewa ya kijiji chenu yaliyoandikwa kwa mikono yenu. Ibn al-Haytham naye alianza na taa na tundu.

(c) Hakuna haja ya kuzigombanisha elimu mbili. Mwenye kusoma sharia na asome kwa bidii, tunawahitaji wanazuoni. Lakini asimdharau mwenzake anayesoma Fizikia, na wa Fizikia asiiache swala yake. Kauli hii ni kwa mabinti zetu kama ilivyo kwa vijana wetu wa kiume. Uamuzi wa kuliacha somo si mdogo. Mlango wa uhandisi ukifungwa ukiwa na umri wa miaka kumi na sita, kuufungua tena ukubwani ni kazi kubwa.

TAHADHARI

Visitochi vya leza vinavyouzwa minadani si vya kuchezea. Msimmulike mtu machoni, wala msitazame ndani ya leza yoyote. Nuru inayoonekana hukufanya upepese, lakini leza ya infraredi yenye nguvu huliunguza jicho kabla mtu hajajua. Jicho ni amana vile vile.

HITIMISHO

Tumeona kuwa ujumbe hubebwa na nuru tusiyoiona, kwamba kila njia ina adui wake, na kwamba kazi ya mtafiti ni kumjua adui huyo na kumkwepa bila kuubadili ujumbe. Kioo kilihitaji kusafishwa, mwali ulihitaji kulengwa, alama zilihitaji kulindwa. Mwanafunzi aliyetuuliza tunamshauri asilifunge daftari lake la Fizikia kwa sasa. Na alete pia daftari la kilima.

MASWALI YA ZOEZI

1. Eleza kwa mfano wako mwenyewe, usio wa tanuri, mahali unapohisi infraredi bila kuiona.
2. Herufi A huandikwa 1000001. Alama yake ya ulinzi ni ipi? Mpokeaji akipata 10100010, atajuaje kuwa kuna kosa? Je, anaweza kujua ni alama ipi iliyoharibika?
3. Nuru ndani ya faiba husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde. Itachukua muda gani kwenda kilomita 1,000?
4. Kati ya infraredi ya hewani, faiba na terahezi, ungechagua ipi (a) kuvuka mto mpana, (b) kuvuka bahari, (c) ndani ya jengo moja? Toa sababu.
5. Taja jambo moja wanalofanana mwanazuoni wa hadithi na mhandisi wa mawasiliano, na jambo moja wanalotofautiana.